Tupia Deskitopu Luku Inasomeka

Mbogi ya South Coast inajua kupiga luku, hiyo haina ubishi. Shuka feri Likoni, panda mat ya Ukunda, chungulia dirishani mpaka Msambweni. Kinyozi amechorewa ukuta mzima, tuktuk imevaa stika mbele na nyuma, nduthi ina jina la mtoi wa mwenyewe kwa madigadi, hata kibanda cha madafu kimepigwa rangi na msee anayejua brashi. Alafu msee huyo huyo akifungua lapi yake, deskitopu ni folda za manjano safu kwa safu, sura moja zote, na nusu yazo zinaitwa "New folder" na namba. Hapo ndio mi huumia roho. Kitu unakicheki toka mangware mpaka usiku, kinabeba kazi yako, picha zako, CV yako na biti zako, na hakina alama yako hata moja.

Wengi washajaribu, lazima niwape heshima yao. Msee anachukua picha noma ya jua likichomoza Diani (na sisi letu huchomoza baharini, ju ufuo wetu unaangalia mashariki), anaigeuza kuwa ikoni kwa saiti fulani ya bure, anaibandika kwa folda. Kwa simu ile picha ilikuwa inawaka. Kwa deskitopu inatokea doa la chungwa juu ya doa la buluu. Anaitoa, anarudisha folda ya manjano, na anaamua hii mambo ni ya wasee wa Nairobi waliosomea dizaini.

Si hivyo. Shida iko kwa hesabu, na ni hesabu ya darasa la sita.

Simu ya kawaida siku hizi inapiga picha ya megapikseli 12, yaani pikseli 4,000 kwa 3,000. Ukiikata iwe mraba unabaki na 3,000 kwa 3,000, jumla milioni 9. Sasa cheki ikoni ndogo kabisa ya Windows, ile inakaanga kona ya juu ya dirisha na kwa orodha ya mafaili. Hiyo ni 16 kwa 16. Pikseli 256, basi. Zaidi ya pikseli 35,000 za picha yako zinasongamana ndani ya pikseli moja ya ikoni, na kompyuta haina la kufanya ila kuzipatia rangi ya wastani. Povu la wimbi, kope za mtoi, maandishi kwa fulana, vyote vinayeyuka pamoja. Mashine haijakuchezea. Umeiachia iamue ni nini kibaki, na yenyewe haijui mbega ni nini wala mbuyu ni nini, so imechanganya kila kitu sawasawa. Ikoni inasomeka pale mtu mwenyewe ameamua mapema nini kinabaki na nini kinaenda.

Kuna dada anaitwa Susan Kare ambaye mi namheshimu kupita mafundi wengi wa kompyuta. Mwanzoni mwa miaka ya 80 Apple walimwita achore alama za Macintosh, ile ilitoka Januari 1984. Skrini yake ilikuwa nyeusi na nyeupe tupu, hakuna kijivu, na kila ikoni ilipewa visanduku 32 kwa 32. Dada akanunua daftari la miraba, lile la grafu, akawa anapaka kisanduku kimoja kimoja kwa mkono. Humo ndimo zilitoka ndoo ya rangi, saa ya kusubiri, bomu la mashine ikizimika, na kompyuta inayotabasamu ukiiwasha. Karata za Solitaire za Windows 3.0 ya mwaka 1990, zile zimewamalizia wasee wa saiba masaa mengi, pia ni mkono wake. Na alikuja kwa hiyo kazi akiwa msanii mwenye udaktari wa sanaa, akijua mosaiki na kazi ya sindano, si kuandika programu.

Mtu wa Kwale anafaa kuelewa hiyo kazi ya visanduku haraka kuliko mtu yeyote. Pikseli inafanya kazi ka ukindu kwa mkeka. Mathe anayesuka hana kalamu ya kuzungusha, ako na nyuzi zilizotiwa rangi zinazopita juu au chini, basi. Akitaka mteremko hapati mteremko, anapata ngazi ndogo ndogo zinazopanda, na jicho lako ukisimama mlangoni linazimalizia lenyewe. Anajua pia kuwa ua dogo sana litapotea, so analifanya kubwa na analipa nafasi tupu pembeni. Ukishika hiyo akili ya mkeka, nusu ya kazi ya ikoni iko kwa mfuko.

Twende kazi sasa. Tuchukue mbega wa Diani, ju kila mtu huku anamjua, na ju maumbile yashatufanyia nusu ya dizaini. Mbega wetu ni mweusi mwili mzima, na ana nywele nyeupe ndefu kwa mabega, nyeupe nyingine zimezunguka uso, na nyeupe kwa ncha ya mkia. Shirika la Colobus Conservation limekuwa likimpigania Diani toka 1997. Yale madaraja ya kamba unayaonanga yamening'inia juu ya barabara ya Diani Beach ni kazi yao, ndio mnyama avuke bila kugongwa na ndai. Weusi na weupe uliokaribiana hivyo ndio kitu skrini ndogo inapenda.

Picha yako ya mbega kawaida iko hivi: amekaa kwa tawi, majani yamemfunika nusu, nyuma kuna paa la makuti la hoteli na kipande cha mbingu. Mkia unaning'inia mrefu. Ni picha safi. Sasa uanze kukata. Mkia utoke, ju kwa saizi ndogo utakuwa mstari wa pikseli moja na hautasomeka ka mkia. Tawi litoke. Makuti yatoke. Mwili wote utoke! Hapo wasee hubisha sana, eti si mbega tena. Ni mbega kabisa. Baki na uso na mabega, yajaze mraba wote mpaka karibu na ukingo, acha pikseli moja tu ya kupumua kila upande.

Sasa hivi una duara jeusi katikati na vishungi viwili vyeupe vinavyofunguka kulia na kushoto. Hiyo shepu hakuna mnyama mwingine wa Kwale ako nayo. Tumbili hana, nyani hana. Ukiipaka rangi moja tupu, nyeusi yote, bado inajulikana, na huo ndio mtihani wa kwanza mi huweka kwa kila ikoni: jaza umbo lote weusi, kisha uliza kama bado linajulikana. Likifeli hapo, rangi hazitaliokoa.

Rangi ya nyuma nayo inafaa kufikiriwa. Mnyama mweusi na mweupe hawezi kukaa juu ya nyeupe ju vishungi vitapotea, na juu ya nyeusi uso utapotea. Weka rangi ya kati inayowaka kiasi, kijani cha jani la muembe ama chungwa iliyokolea. Alafu macho. Mbega wa ukweli ana macho ya giza ndani ya uso wa giza, ukimcheki kutoka chini ya mti huyaoni. Kwa ikoni weka pikseli mbili za mwanga pale macho yalipo. Bila hizo mtu anaona shimo kwa ua jeupe, na hizo mbili zikiingia tu, uso unakuangalia. Hapo ni sawa kutia chumvi, ju kamera inanasa chenye iliona, na wewe unachora ndio mtu atambue.

Saizi ya 16 na saizi ya 256 zinataka michoro tofauti, na hapa ndipo saiti nyingi za bure zinawaangusha wasee. Kwa deskitopu ya Windows, ukichagua ikoni ndogo unapata 32, za kati 48, kubwa 96, na ndani ya folda unaweza kupanda mpaka 256. Saiti inachukua picha moja na kuipunguza mara nne. Fundi anachora upya. Kwa 256 mbega anaweza kuwa na nywele, pua, hata kivuli chini ya kidevu. Kwa 48 nywele zinakuwa ncha tatu kila upande. Kwa 16 ni ncha moja na macho, kwisha. Na kila mstari ukae juu ya kisanduku kizima. Ukiwa na upana wa pikseli moja na nusu, kompyuta inajaza ile nusu kwa kijivu, na huo ukungu wa kijivu ndio unafanyanga ikoni ionekane chafu bila mtu kujua ni kwa nini. Ingia kwa 16, panua skrini mara nane, rekebisha pikseli moja moja kwa mkono. Ni pikseli 256 tu, zinaisha kabla chai haijapoa.

Picha za watu ni ngumu zaidi, na najua ndizo watu wanazitaka sana. Mtoi wa kwanza, mathe akiwa amevaa leso ya Idi, mbogi nzima kwa harusi Msambweni. Picha ya mbogi usijaribu, vichwa saba ndani ya 48 ni punje saba. Chagua mtu mmoja, kata kutoka kidevu mpaka juu ya paji la uso, na mwanga utoke upande mmoja ndio pua na shavu vipate kivuli. Kwa 16 uso wa mtu mmoja unafanana na wa mwingine, so tafuta kitu chake: mtandio wa rangi yake, kofia, miwani, ama zile nywele za mtoi zimefungwa vifundo viwili. Leso yenyewe ni nzuri mno kwa macho na haifai kabisa kwa ikoni ikiingizwa nzima. Pindo, mji na jina zote tatu haziwezi kuishi pamoja kwa visanduku 32. Chukua ua moja la mji, likuze, na wacha hilo lisimame kwa niaba ya leso yote.

Herufi sitaki kuzizungumzia sana. Maneno ndani ya ikoni hayasomeki, na jina la folda lishaandikwa chini yake. Herufi moja nene, sawa. Zaidi ya hapo unajisumbua.

Kuhusu alama ndogo kusomeka na watu wengi, Kenya ishapitia mtihani mkubwa kuliko deskitopu yoyote. Kwa kura ya maamuzi ya tarehe 21 Novemba 2005, Ndiyo ilipewa ndizi na La ikapewa chungwa. Hebu fikiria hizo shepu mbili ka fundi wa ikoni. Moja imepinda, ingine ni mviringo. Zichore kwa mkaa ukutani, zichapishe kwa weusi mtupu, zipunguze mpaka saizi ya kucha, bado hazichanganyi, na babu asiyesoma herufi moja alijua anaweka alama wapi. Chungwa ilishinda ikazaa mpaka jina la chama, ODM. Kisha ikaja kura ya Katiba ya tarehe 4 Agosti 2010, na safari hii alama zikawa rangi: kijani kwa Ndiyo, nyekundu kwa La. Katiba ilipita na mi naipenda hiyo Katiba, lakini kwa macho ya mchoraji ile ya 2005 ilikuwa kazi bora. Kuna watu wasiotofautisha nyekundu na kijani, ni wengi kuliko unavyodhani na wengi wao ni wanaume. Ukitofautisha folda zako kwa rangi peke yake, folda ya kazi nyekundu na ya shule kijani, kuna msee utamwazima lapi na ataona mbili zinazofanana. Shepu itangulie, rangi ije kusaidia.

Hiyo ndio sababu natamani ikoni za shepu ziingie kwa saiba zetu. Ingia saiba yoyote Ukunda, foleni ni ya eCitizen, KRA, HELB, KUCCPS na cheti cha good conduct. Kwa skrini vyote vimekaa ka vijialama vya kivinjari vinavyofanana, na mhudumu mpya anahangaika mteja akiwa amesimama. Chora alama tano. Good conduct iwe alama ya kidole: kidole cha ukweli kina mistari mingi sana, kwa ikoni matao matatu yanatosha. Pasipoti ya eCitizen iwe kitabu chenye duara moja katikati. Ushuru wa KRA uwe risiti yenye meno chini. Mkopo wa shule wa HELB uwe kofia ya kuhitimu, ile bapa, ju inasomeka hata kwa 16. Kuchagua chuo kwa KUCCPS iwe njia inayogawanyika mara mbili. Nembo rasmi za serikali ziache, zina ngao na simba na maandishi, zikipunguzwa hazisomeki, na pia si zako.

Kingine kinachoua ikoni huku kwetu ni picha ya nyuma ya skrini. Karibu kila lapi ya Diani ina bahari ya Diani, na si mbaya, ni nyumbani. Lakini hiyo picha ina mbingu nyeupe, maji ya feruzi na mchanga mweupe pe. Ikoni yenye ukingo wa rangi hafifu inapotea juu ya mchanga, na jina lake ambalo Windows inaliandika kwa nyeupe linapotea nalo. Ama uzungushie kila ikoni mstari mmoja wa giza, ama uipige giza kidogo ile picha ya bahari upande ikoni zimekaa. Kuna wasee hutatua kwa kuweka kila ikoni juu ya kibao cha mraba chenye pembe za duara, ka simu. Mi sipendi. Umetoka kwa folda za manjano zinazofanana ukaingia kwa vibao vinavyofanana, na ile shepu uliyoihangaikia imefungiwa ndani ya boksi.

Vifaa havihitaji ganji. GIMP ni ya bure, inakubali Windows, Mac na Linux. Kata picha mraba, ongeza uwazi, futa mandhari ya nyuma, kisha panga tabaka nne za 256, 48, 32 na 16. Ukiitoa kwa jina linaloishia .ico, kila tabaka linakuwa saizi yake ndani ya faili moja, na Windows itachagua yenyewe. Ile ya 256 kubali ibanwe kwa PNG, Windows inaielewa toka Vista ya 2007. Kubadilisha jina kutoka .png kuwa .ico hakubadilishi kitu ndani ya faili, so usipoteze bando na wale wanaofundisha hivyo. Ukimaliza, bonyeza folda kwa kitufe cha kulia cha mausi, ingia "Properties", kisha "Customize", kisha "Change Icon". Kwa njia ya mkato ni "Properties" na "Change Icon" moja kwa moja. Kwa Mac nakili picha, fungua "Get Info" ya folda, gusa ile ikoni ndogo kona ya juu, bandika. Linux nyingi zinakubali hata PNG ama SVG bila kuigeuza.

Mafaili ya ikoni yaweke folda moja ndani ya mashine na usiyahamishe. Ukiyaacha kwa flashi, siku flashi ikitoka folda zinarudi manjano. Na picha uliyotumia iwe yako, ama ya mtu aliyekubali. Wapiga picha wa Diani wanakula kwa hiyo kazi.

Kitu mi natafuta saa hii ni seti kamili ya ikoni za kwetu. Seti za bure mtandaoni zina sanduku la barua la Marekani lenye kibendera, nyumba yenye dohani, na diski ya plastiki ambayo msee wa miaka 18 hajawahi kuishika. Sisi tuna mbuyu wenye shina nene na matawi machache, unasomeka hata gizani. Tuna pezi la pomboo wa Kisite, tao moja juu ya mstari mmoja wa maji. Tuna mikoko ya Gazi, ambayo majani yake ni shida kuchora lakini mizizi ile ya matao inajichora. Tuna mlango wa pango la Shimoni, tuna ndovu wa Shimba Hills, ambaye kwa 16 achorwe ubavu, sikio na mkonga tu. Mtu wa Msambweni akichukua tatu na mtu wa Ukunda akachukua mbili, seti imesimama. Ngalawa nishaianza: tanga la pembetatu limejaza theluthi mbili za mraba, mtumbwi mstari mnene chini yake, matengo mawili pembeni kwa saizi ya 48, na kwa 16 matengo yametoka, limebaki tanga na mtumbwi.